Nani Aufufue Mji?

Wako wasemao kwamba mji uliofilisika hauna haja ya madiwani. Ati unamhitaji bwana mmoja mjuzi wa mahesabu. Wakazi wa Nairobi, ambao baraza lao lilivunjwa mwaka 1983 na kuwekewa tume ya kuteuliwa, wimbo huo wanaujua. Hebu tuutazame mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani.

Flint, ilikoanzishwa kampuni ya General Motors mwaka 1908, ilikuwa na watu karibu 197,000 mwaka 1960. Viwanda vilifungwa, watu wakahama. Mwaka 2020 walihesabiwa 81,252. Hazina ilipokauka, gavana aliteua msimamizi mwaka 2011, akamkabidhi mamlaka ya meya na madiwani. Novemba 2012 wapiga kura wa Michigan waliikataa sheria ya wasimamizi hao. Mwezi uliofuata bunge la jimbo likapitisha nyingine ya namna ileile, safari hii ikaandikwa isiweze kupigiwa kura na wananchi!

Aprili 2014, ili kupunguza gharama, wakazi walianza kunyweshwa maji ya Mto Flint, bila dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Sumu ya madini ya risasi ikaingia vikombeni mwa watoto. Akina mama walibeba chupa za maji ya rangi ya kutu hadi mikutanoni. Wakaambiwa ni salama.

Machi 2015 madiwani saba dhidi ya mmoja waliamua mto uachwe. Msimamizi, ambaye hakuchaguliwa na yeyote, alikataa. Maji ya awali yalirudishwa Oktoba.