Lenzi ya Picha ya Pande Zote

Fedha za pamba ziingiapo nyumbani, mahitaji hujitokeza kwa wingi, na huenda kijana mpiga picha naye akaomba atengewe fungu la kununulia lenzi ya “jicho la samaki”. Shabaha yake ni picha ya tufe, ile imwezeshayo mtazamaji kugeuka pande zote, juu na chini, kana kwamba amesimama mahali penyewe. Ombi hilo si la anasa. Hata hivyo, kabla ya kumkubalia, mwulize anataka kupiga picha ya nini.

Chukua njia panda ya Lalago, wilayani Maswa, ipitapo barabara itokayo Kolandoto kuelekea Mwanhuzi. Picha ya tufe hushonwa kwa kompyuta kutokana na picha kadhaa zilizolaliana kingoni, kiasi cha robo hivi. Ng'ombe akitembea penye mshono, atatokea na vichwa viwili, ama hana hata kimoja! Mahali kama hapo, heri mishono michache. Jicho la samaki la milimita 8, katika kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, huona nyuzi 180, na picha 3 au 4 zatosha. Lile la milimita 15 hutaka 6 za kuzunguka, pamoja na ya juu na ya chini, ila huonyesha mambo kwa undani zaidi.

Lakini kaya ya wazazi, ambayo wajukuu walio mbali wangependa kuiona, haikimbii. Hapo lenzi ya kawaida ya milimita 24 hufaa, na kwa maoni yangu hupita jicho la samaki. Kamera ikisimamishwa wima, zitahitajika picha zaidi ya 20. Ni kazi ya subira, lakini hata ufa wa ukutani utaonekana.

Jambo ligharimulo wengi si lenzi, bali mzunguko. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kitaruka. Ndivyo nguzo ya zizi iliyo karibu irukavyo kamera ikizungushwa ovyo. Yapasa izunguke juu ya mboni ya lenzi, wala si juu ya tundu la skrubu lililo chini yake. Kipande cha chuma alichokichomelea fundi hodari chaweza kuisogeza nyuma kiasi kitakiwacho.

Basi kijana na aanze na kaya, kwa lenzi aliyo nayo. Mwanga na umbali avifunge kwa mkono, visibadilike kati ya picha na picha. Programu ya Hugin, isiyolipiwa, itazishona.