Mzee akisimama ili akujibu

Ukiongozana na mzee wako kwenda Ijumaa hapa Dodoma, mtazame unapomsemesha. Anajibu huku akitembea, au husimama kwanza? Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliwapima hivyo wazee 58. Waliosimama walikuwa 12. 10 kati yao walianguka ndani ya miezi 6. Kutembea ni kazi ya ubongo pia, si miguu tu.

Wengi tukiona hivyo tunamzuia mzee asitoke. Sikubaliani, akikaa tu misuli inazidi kulegea. Hofu yangu ni pale pa kutawadha: sakafu inateleza, naye kasimama kwa mguu mmoja akiosha wa pili. Enyi kamati za misikiti, vipaza sauti mnanunua! Wekeni basi benchi, na bomba la kushikilia ukutani. Nawe, anapopanda ngazi, usimsemeshe.