Tusiite Kinga Kila Kidonge: Lugha ya Dawa za Lehemu

Mgonjwa hunywa dawa apone. Hilo halina mjadala. Je, mtu aliye buheri wa afya aelezwe vipi ndipo akubali au akatae kumeza kidonge kila siku maisha yake yote? Kwa maoni yangu, swali hili si la madaktari pekee. Ni letu pia sisi tunaojiita walezi wa lugha.

Dawa ninazozungumzia ni statini, ambazo hupunguza lehemu katika damu. (Wapo waliolijua neno lehemu kwa fundi wa bati kabla ya kulisikia kwa daktari, na wapo wanaopendelea kolesteroli, sina ugomvi nao.) Mjapani Akira Endo aliigundua statini ya kwanza katika kuvu miaka ya 1970, na mwaka 1987 Marekani ikaidhinisha lovastatini. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini, likipungukiwa, huichota zaidi kutoka kwenye damu.

Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, manufaa yake hayana utata, naye asiiache dawa yake kwa kusoma makala haya. Utata uko kwa yule ambaye hajaugua. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Uskoti uliohusisha wanaume 6,595 wa umri wa miaka 45 hadi 64, wenye lehemu nyingi lakini ambao hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo. Takriban nusu yao walipewa pravastatini, waliosalia wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano hivi, mishtuko ya moyo na vifo vilivyotokana na maradhi hayo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31.

Kauli hiyo ni ya kweli. Sasa isikilize ikitamkwa kwa namna nyingine. Katika kila watu 1,000 wasiopewa dawa, 79 walipatwa. Katika kila 1,000 waliopewa, 55. Walionusurika ni 24. Wengine 921 wasingepatwa katika muda huo hata bila dawa, na 55 walipatwa licha ya kuinywa. Hiyo nayo ni kweli tupu, ila anayesikia kauli ya kwanza pekee hudhani amevishwa ngao.

Ndiposa nalitilia shaka neno kinga. Masikio yetu yamelizoea katika chanjo, nalo huahidi kwamba adui hatapita. Statini haifungi mlango. Huupunguza upana wake. Kusema "kupunguza hatari" hakuvutii kwenye bango, lakini hakumdanganyi mtu.

Watakuwepo watakaodai kwamba mwananchi wa kawaida hataki hesabu. Naikataa hoja hii kabisa. Mama wa sokoni hupiga hesabu ya gunia kabla hajatoa hela yake. 24 kwa 1,000 ataielewa akielezwa kwa lugha yake. Aelezwe pia kwamba statini huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari, na kwamba maumivu mengi ya misuli yanayolaumiwa dawa hizi huwapata hata wanaomeza kidonge kisicho na dawa. Tena aambiwe kwamba 24 si idadi ya kila mtu: umri, sigara, kisukari na shinikizo la damu huipandisha au kuishusha. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 hupima hatari ya mtu kwa miaka 10 ijayo, haitazami lehemu peke yake.

Ni wangapi kati yetu, pamoja na tasnifu zetu za mofolojia na arudhi, waliowahi kuikunjua karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa wakajaribu kuitafsiri? Napendekeza toleo lijalo la jarida hili litenge kurasa mbili kwa karatasi ya statini: kwa Kiswahili, idadi ya watu ikitangulia asilimia, na daktari akiwa ameipitia kabla haijapigwa chapa.