Onyo Lipo, Fungu Halipo

Homa ya Bonde la Ufa iliyozuka mwishoni mwa mwaka 2006 haikumshtukiza kila mtu. Kuanzia Septemba, wataalamu waliokuwa wakifuatilia taarifa za setilaiti katika shirika la NASA huko Marekani, akiwemo Assaf Anyamba, waliona joto la maji likipanda isivyo kawaida magharibi mwa Bahari ya Hindi, kisha mvua na majani vikizidi katika nyanda kavu za Pembe ya Afrika. Wakatoa tahadhari. Desemba, wagonjwa wa kwanza wakathibitishwa Garissa. Ugonjwa ukashika Somalia, na Januari ukaingia Tanzania, ambako ulifika hadi Dodoma na Morogoro. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 150, Tanzania zaidi ya 100. Sehemu nyingi, chanjo ya mifugo ilifika wakati virusi vimeshasambaa.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sayansi. Mimi nakisoma kama kisa cha bajeti.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Uligunduliwa mwaka 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka uliofuata Robert Daubney na wenzake wakachapisha maelezo yake. Tabia yake inajulikana vizuri kuliko ya magonjwa mengi yanayoletwa na mbu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa vibonde ambavyo maji hutuama msimu wa mvua. Mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka, na baadhi yake huwa yamerithi virusi kutoka kwa mbu aliyeyataga. Mafuriko yakiyafunika, huanguliwa kwa wingi. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huumwa kwanza na mbu hao, halafu mbu wa jamii ya Culex huendeleza maambukizi.

Kwa kawaida dalili za mwanzo huonekana zizini, si hospitalini. Kondoo wenye mimba huzitupa karibu wote kwa mpigo, na wanakondoo wachanga hufa ndani ya siku chache. Binadamu naye huambukizwa zaidi kwa kushika damu, kondo la nyuma au mzoga kuliko kwa kuumwa na mbu, ndiyo maana wachinjaji na wachungaji hutangulia kuugua. Wengi hupata homa na kupona. Wachache huvuja damu, na katika hao karibu nusu hufa. Wapo pia wanaopona na kubaki wamepoteza uwezo wa kuona.

Basi huu, kwa kipimo cha magonjwa ya virusi vinavyobebwa na wadudu na kupe, ni ugonjwa unaopiga hodi. Tuulinganishe na homa ya kuvuja damu ya Crimea na Kongo, inayoenezwa na kupe wa jamii ya Hyalomma, ambayo Uganda imekuwa ikiiripoti mara kwa mara tangu 2013. Ng'ombe mwenye virusi hivyo haonyeshi dalili, na mfugaji hana cha kuona mpaka mtu augue. Tukishindwa na ugonjwa unaotangazwa na bahari, kisha mvua, kisha zizi, sioni tutawezaje huo mwingine.

Lawama hupenda kumwangukia mfugaji: hatoi taarifa, hataki chanjo, anachinja mnyama mgonjwa. Ukweli una sura nyingine. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya waliujua ugonjwa huu, maana mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998 ulikuwa umewapitia. Watafiti waliowahoji baada ya 2007 waligundua kwamba walikuwa wamezitambua dalili mapema, wakati huduma za mifugo na afya bado hazijawafikia. Lakini mfugaji akitoa taarifa, kinachomfikia kwanza ni karantini. Minada inafungwa, uchinjaji unapigwa marufuku, na ada ya shule iliyokuwa itoke kwenye mbuzi wawili inabaki ikilia zizini. Kenya ilikadiriwa kupoteza shilingi bilioni 2.1 katika mlipuko ule, na sehemu ya hasara hiyo iliwafikia wachinjaji, wauza nyama na wenye malori ambao hawana hata kondoo mmoja.

Kuna pia ng'ambo ya bahari. Mwaka 2000 ugonjwa huu ulizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika, na virusi vyake vilifanana sana na vya Afrika Mashariki. Saudi Arabia ikazuia mifugo ya Pembe ya Afrika. Somalia ilisubiri hadi 2009 kufunguliwa tena soko hilo. Siwezi kusema Wasaudi walikosea kujilinda, wala kwamba karantini ni ukatili mtupu, maana mnyama mgonjwa akipakiwa kwenye lori husafirisha virusi mbali kuliko mbu awezavyo. Ninachopinga ni mpango ambao mtoa taarifa ndiye anayebeba gharama ya taarifa yake.

Hazina nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuja kwa nguvu, Kenya ikatahadharishwa, ufuatiliaji wa mifugo ukaimarishwa kwa simu za mkononi, na mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea nchini humo. Ofisa wa fedha atauliza: tuliokoa watu au tulichoma pesa? Maandalizi yaliyofaulu na tishio ambalo halikuwepo huacha ushahidi uleule.

Chanjo yenyewe inazidisha ugumu. Ile ya zamani ya Smithburn, iliyotokana na virusi vilivyopatikana Uganda mwaka 1944, ni nafuu na dozi moja hukinga kwa muda mrefu, ila inaweza kuharibu mimba. Nani atamdunga kondoo mwenye mimba kwa ajili ya ugonjwa uliopita miaka tisa iliyopita? Kwa hiyo haina wanunuzi miaka ya utulivu, na kiwanda hakiwezi kuweka akiba ya bidhaa isiyonunuliwa. Na mlipuko ukishaanza, sindano moja inayozunguka zizi zima yaweza kusambaza virusi vyenyewe. Chanjo mpya inayoendelezwa na mtafiti George Warimwe wa Kilifi pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford imeonyesha usalama kwa kondoo na mbuzi wenye mimba katika majaribio. Hiyo itaondoa hofu ya mfugaji. Swali la nani analipa litabaki palepale, na jibu langu ni serikali, kwa sababu anayekingwa zaidi ni mchinjaji wa mjini na msafirishaji wa bandarini.

Njia ya kulipa tunayo tayari. Tangu 2010 huko Marsabit, na baadaye Wajir na Turkana, bima ya mifugo imekuwa ikilipa wafugaji kwa kuangalia picha za setilaiti za malisho: majani yakipungua chini ya kiwango kilichokubaliwa, fidia inatoka bila mtu kuhesabu mizoga. Ukame unafungua pochi kwa picha. Mafuriko yanafungua barua za tahadhari tu, ingawa picha zinatoka angani hukohuko.

Shida iliyobaki ni ya kalenda. Utabiri wa mvua za vuli, unaoandaliwa na kituo cha hali ya hewa cha ICPAC kwa nchi za ukanda huu zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, hutoka karibu na mwisho wa Agosti. Mwaka wa fedha wa nchi hizo tatu huanza Julai 1. Wataalamu wanapotangaza hatari, mafungu yameshagawanywa, na daktari wa mifugo wa wilaya anaanza kuomba kibali cha fedha za dharura mvua ikiwa mlangoni. Fungu la chanjo, na la kumfidia mfugaji aliyefungiwa mnada, lipitishwe bungeni Juni pamoja na kiwango cha utabiri kitakacholifungua. Mwaka ambao kiwango hakikufikiwa, pesa zivuke kwenda mwaka unaofuata, zisirudishwe Hazina.