Leseni ya Mgeni Ina Mwisho Wake



Mwezi huu tunapenda tuzungumze jambo ambalo wengine watasema halituhusu sisi akina mama wa kijijini, nalo ni leseni ya udereva ya mtu aliyehamia nchi nyingine. Ni kweli kwamba hapa Lipingo wengi wetu hatujawahi kushika usukani. Usafiri wetu ni miguu, mtumbwi na pikipiki za vijana. Lakini watoto wetu wanaondoka. Wengine wako ng'ambo ya ziwa, wengine Afrika Kusini, wengine wamefika Ulaya. Shida zao huko huturudia sisi usiku, kwa simu.

Sisi ilitupata mwezi Juni mwaka 2024. Tulikuwa tumekwisha kuanua dagaa na kufunga jiko, simu ikalia. Alikuwa binti wa mdogo wetu, yule anayetunza wazee majumbani katika mji mmoja wa Uingereza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Mama yuko karibu? Usimwite kwanza."

Hapo tulijua kuna neno. Akatueleza kwamba mvua ilikuwa inanyesha, gari la mbele likafunga breki ghafla, naye akaligonga bampa. Hakuna aliyeumia. Lakini polisi walifika, wakaomba leseni, naye akatoa leseni yake ya Tanzania, ambayo muda wake ulikuwa bado haujakwisha. Wakamwuliza, "Umeanza kuishi hapa lini?" Akajibu kwa ukweli kwamba ni Aprili 2023. Askari akahesabu miezi. Ilikuwa kumi na minne. Gari likavutwa kupelekwa yadi, naye akarudi kwake kwa miguu katika mvua ileile.

Udereva anaujua

Sisi tulishangaa. Tulisema, huyu mtoto hakuokota leseni njiani. Alijifunza Songea, akafanya mtihani mbele ya trafiki. Baba yake alipokuwa na pikapu ya kupeleka dagaa Mbinga, ni yeye aliyekuwa akiipandisha milima ya Umatengo wakati wa masika, kabla ya lami, pale ambapo wanaume walishuka na kusukuma. Tena Uingereza wanapita kushoto kama sisi. Kwenye kipilefti wanampisha anayetoka kulia kama sisi. Basi kosa lake ni nini?

Kosa lake halikuwa udereva. Kosa lake lilikuwa kalenda.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali za watu nazo zina hesabu ya namna hiyo. Mtu anapoingia nchini mwao, kwa muda fulani wanamchukulia kama mgeni na kuiheshimu leseni aliyokuja nayo. Muda huo ukiisha, wanamhesabu kuwa mwenyeji, na mwenyeji anapaswa kuwa na leseni ya nchi anayoishi. Katika England, Scotland na Wales muda huo ni miezi 12, tangu siku mtu alipoanza kuishi huko. Hauhesabiwi tangu siku aliyonunua gari wala siku aliyoanza kazi. Wala haisaidii kwamba leseni yake ya nyumbani imebakiza miaka. Leseni ya Tanzania hudumu miaka 5, lakini kwa aliyehamia Uingereza mwaka wa pili haina nguvu barabarani.

Na leseni isipokuwa na nguvu, bima nayo hutetereka. Binti yetu alikuwa akilipa bima kila mwezi bila kukosa, akidhani amekingwa. Kampuni ya bima ilimlipa mwenye gari lililogongwa, kama sheria ya kule inavyotaka, kisha ikamgeukia yeye imdai. Kwa kuendesha bila bima halali alipewa faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye kumbukumbu yake. Akalipia pia gari kuvutwa na siku lilizolala yadi. Kazini wakamwondoa katika zamu za kuzungukia wazee, kwa kuwa hana tena gari la kuendesha, wakampeleka kwenye nyumba ya wazee ambako saa zake zilipungua.

Jambo ambalo hatukulijua

Wiki ile tulimwuliza kwa upole, "Mwanangu, hukuambiwa habari ya miezi hiyo?"

Alinyamaza, halafu akasema, "Niliambiwa, mama mkubwa. Mwezi wa kumi nilikuwa najua."

"Sasa ikawaje?"

"Fedha ya mtihani niliituma nyumbani. Ndiyo ile ya mabati."

Wapendwa, simu ilikuwa nzito mkononi. Ni kweli. Mwezi Februari ule tulimwandikia kwamba mvua inaingia ndani kwa mama yake, na kwamba watoto wa jirani walio Ulaya wamekwisha kuezeka. Yeye hakujibu neno. Alituma fedha. Mabati yale yako juu ya vichwa vyetu mpaka leo, na kila mvua ikinyesha tunayasikia.

Tukamwuliza kwa nini hakutueleza. Akasema, "Ningeeleza nini? Mngesema leseni ninayo." Na kwa kweli tungesema hivyo. Tungemwona anatafuta sababu ya kutotuma.

Alitupa hesabu yenyewe. Leseni ya kujifunzia ilikuwa pauni 34, mtihani wa nadharia pauni 23, na mtihani wa barabarani pauni 62. Jumla pauni 119, bila kuhesabu mwalimu, ambaye kwa saa moja mara nyingi hupita pauni 30. Sasa pima mwenyewe hasara aliyoipata kwa kukosa kutoa fedha hizo mapema.

Njia ya mkato

Habari ilipomfikia kaka yake, alikuja mbio na mpango. Amesikia kwamba ziko nchi ambazo leseni zake Waingereza huzibadilisha bila mtihani. Hilo ni kweli. Nchi hizo zimeorodheshwa, na kwa upande wa Afrika, Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Tanzania haimo. Basi kaka mtu akasema kuna kishoka anayeweza kutengeneza leseni ya moja ya nchi hizo, jina la binti likae humo, mambo yaishe.

Mama yake alikuwa amekwisha kukubali. Alikuwa tayari kuuza cherehani. Tulikaa naye mpaka usiku wa manane. Tulimwambia, "Mdogo wetu, sasa mtoto ana kosa la kuchelewa. Kosa la kuchelewa linalipika kwa faini. Ukimtumia karatasi ya uongo atakuwa na kosa la kughushi, na hilo linaweza kumpeleka gerezani au kumrudisha nyumbani mikono mitupu." Alilia, lakini cherehani haikuuzwa. Asubuhi tulimpigia binti tukamwambia maneno mawili: asitume kitu nyumbani kwa miezi sita, na aanze kujifunza.

Alianza upya kama mtoto wa shule. Gari la mwanafunzi huwekwa kibao chenye herufi L, na pembeni lazima aketi mtu mwenye umri usiopungua miaka 21 aliyekuwa na leseni kamili kwa miaka 3 au zaidi. Yule aliyepandisha milima ya Umatengo akaketi na kijana mdogo wa kumwelekeza namna ya kutazama kioo! Alisema lilimuuma, lakini lilimfundisha pia, kwa maana alikuwa na mazoea mabaya ambayo huku hakuna aliyeyaona.

Mtihani wa nadharia una maswali 50 na inatakiwa kupata 43. Iko pia sehemu ya kutazama picha za barabarani na kuonyesha hatari inapoanza kujitokeza, ambayo ina alama 75 na inatakiwa kupata 44. Tangu mwaka 2014 mtihani huu haufanywi kwa lugha za kigeni, bali kwa Kiingereza au Kiwelisi tu. Binti yetu alishindwa mara ya kwanza, akafaulu ya pili. Kwa mtihani wa barabarani alisubiri nafasi karibu miezi mitano. Mwaka 2025 alifaulu. Lakini zile pointi 6 bado ziko juu yake, na kwa sheria ya huko dereva mpya wa namna hiyo akiongezewa pointi yoyote ndani ya miaka miwili ya kwanza, leseni yake hufutwa na kuanza tena kwenye kibao cha L. Kwa hiyo anaendesha kwa adabu kubwa.

Mweleze mtoto kabla hajafunga sanduku

Kutokana na hayo, tungependa kila mama mwenye mtoto anayehama amweleze mambo haya:

1. Aulize mapema nchi anayokwenda inampa mgeni muda gani. Kila nchi ina hesabu yake. Ujerumani ni miezi 6, siyo 12. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na mengine muda ni mfupi sana. Aulize ofisi ya serikali inayotoa leseni, asiulize rafiki tu. Rafiki wa binti yetu ndiye aliyemwambia kwamba leseni ikiwa hai huna wasiwasi.

2. Aandike tarehe aliyoanza kuishi huko, na tarehe ya mwisho wa muda, aibandike ukutani. Na asingoje mwezi wa mwisho. Uingereza mtu anaweza kuchukua leseni ya kujifunzia na kufanya mitihani ndani ya ile miezi 12, huku akiendelea kutumia leseni ya nyumbani. Akifaulu kabla ya muda kwisha, hakosi hata siku moja ya kuendesha.

3. Ahakikishe leseni ya nyumbani haitakwisha muda akiwa safarini. Ikiwa imekwisha, hata ule muda wa ugeni hawezi kuutumia.

4. Kile kitabu kinachoitwa leseni ya kimataifa kisimdanganye. Ni tafsiri ya leseni aliyo nayo, nacho hakisimami peke yake wala hakimwongezei muda wa ugeni.

5. Ajibu maswali ya bima kwa ukweli: leseni ni ya wapi, na amekaa nchini muda gani. Bima iliyopatikana kwa jibu la uongo ni karatasi tu.

6. Akifanyia mtihani gari la otomatiki, Uingereza atapewa leseni ya otomatiki tu. Aliyezoea gari la manyuo nyumbani afikiri kabla ya kuchagua kilicho rahisi.

7. Akienda nchi ya kupita kulia, kama Marekani, Ujerumani, au hata jirani zetu Rwanda, Burundi na Kongo, asiingie barabarani siku ya kwanza peke yake. Mikono na macho yana mazoea yao, nayo hurudi kushoto mtu anapochoka au anapoogopa.

Na wanaokuja kwetu je? Kijana aliyetoka Nkhata Bay au Msumbiji akaoa hapa na kununua pikipiki ya abiria, naye ni mgeni aliyekwisha kupewa jembe. Mama mkwe asione haya kumwuliza, "Mwanangu, umekwenda kuulizia leseni yako kwa trafiki na ofisi ya mapato?" Ni afadhali aulizwe na mama mkwe jikoni kuliko kuulizwa na askari barabarani akiwa na abiria aliyevunjika mguu.

Sisi tunaobaki

Tumalizie na jambo lililo letu. Mtoto aliye mbali ana gharama ambazo hatuzioni. Haziezekwi wala hazilimwi, na hakuna jirani wa kuzisifu. Leseni ni moja ya gharama hizo. Ada ya masomo ni nyingine, na karatasi za ukaazi ni nyingine. Tunapomwandikia, "Mwanangu, tukumbuke," tumwandikie pia, "Mwanangu, mwaka huu wa kwanza, je, umekwisha kujitengenezea mambo yako ya huko?" Na akisema bado, tumwache ayatengeneze. Paa likivuja mwaka mmoja zaidi, tutahamisha kitanda.

Juzi binti alipiga simu ya picha, gari limesimama, funguo mkononi. Alitwonyesha leseni mpya yenye sura yake. Mama yake aliitazama muda mrefu, kisha akamwambia, "Andika na hiyo itakwisha lini."

Tuonane mwezi ujao.