Mnamrudisha Binti kwa Nani?

Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo ni ya ndugu wanaonuniana, na kwao inafaa. Sisi tumeihamishia chumbani kwa mume anayemkaba mkewe koo, na mzazi anayeishika anahesabiwa kuwa na busara. Akithubutu kusema neno ataambiwa anavunja nyumba ya mwanawe, tena mtu mzima aliyejichagulia mwenyewe.

Tangu lini tukawa watu wa kutoingilia? Baba alituma watu kuchunguza ukoo wa kijana. Mshenga akaenda akarudi. Mahari ikabishaniwa hadi usiku, mashangazi wakadai fungu lao, kamati ya harusi ikakaa kila Jumapili kujadili ukumbi na rangi ya sare. Mtoto akizaliwa, babu ana jina tayari. Ndoa nzima inaingiliwa, isipokuwa pale ngumi inapoanza. Hapo ghafla yanakuwa mambo yao wawili.

Na tukiingilia, ni kwa kumrudisha. Nani hajakiona kikao hicho? Binti kakaa mkekani, kitenge amekivuta kifunike mkono uliovimba. Soda zimeletwa. Swali la kwanza analipata yeye: "Ulimjibu nini mwenzio?" Mume anapiga goti mbele ya baba mkwe, anaomba radhi, anatozwa faini, wazee wanapokea. Aliyepigwa hakuombwa radhi na mtu. Jioni anabebewa begi hadi kwenye bajaji, na mama anamnong'oneza avumilie kwa ajili ya watoto. Mume naye anaondoka na uhakika ambao hakuwa nao asubuhi: mke wake hana pa kukimbilia.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Wazee wa kikao wanaijua vizuri sheria ya viwanja. Hii hawaijui.

Watasema mzazi hana la kufanya. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku chache baadaye Eldoret. Baba yake, Joseph Cheptegei, alisema malalamiko dhidi ya mtu huyo yalikwisha kufikishwa polisi. Baba hakunyamaza, na bado alimzika binti yake. Wapo watakaoona hapo sababu ya kukaa kimya. Kama binti mwenye baba wa namna hiyo alifikiwa na moto, yule ambaye kwao wamemfungia mlango atajikinga na nini?

Sisemi mzazi avamie na panga. Wala asimwambie binti achague kati ya mwanamume na wazazi. Maneno hayo ndiyo anayoyangoja mtu ambaye tayari amemtenga na marafiki zake na kumpekua simu. Binti anaweza kurudi kwake mara ya pili na ya tatu. Inaudhi sana, lakini simu yake ipokelewe kila mara. Hatari huzidi wakati wa kuondoka, kwa hiyo safari ipangwe: vyeti vya watoto, kitambulisho na akiba kidogo vikae kwa mama mapema. Akiumizwa, fomu ya polisi ya PF3 ijazwe na daktari amwone, hata kama hajaamua kushtaki. Dawati la jinsia polisi asiende peke yake, maana aliye peke yake ni rahisi kuambiwa wakayamalize nyumbani. (Mtoto wa kiume anayepigwa ni hayo hayo, kwake aibu tu ndiyo kubwa zaidi.)

Linabaki lisilotajwa kikaoni: mahari. Wapo akina baba ambao kuvunja nyumba ya mtu hakuwasumbui hata kidogo. Wanaogopa kudaiwa ng'ombe waliokwisha kugeuka mabati ya paa na ada ya shule ya mdogo mtu. Basi lisemwe wazi. Deni hulipwa, hata polepole, na likimwelemea baba, ukoo huohuo ulichangia ukumbi, keki na mpiga picha bila kulia njaa. Kundi la WhatsApp la kamati ile bado limo kwenye simu zao, na mhasibu wake yu hai.