Hiyo Bakuli Yako ya Samaki Ni Jeneza la Kioo

Wasee, wacha niseme tu. Ile bakuli ya kioo unaposti, samaki wawili wa dhahabu ndani, mawe ya rangi chini na muziki mtamu juu, ni jeneza. Najua kwa sababu nimezika watatu nyuma ya nyumba yetu hapa Tawa.

Muuzaji aliniambia kile anawaambia nyinyi wote: "Badilisha maji yote kila siku, hawa ni samaki wa usafi." Nikatii. Bakuli la lita 10, kila asubuhi namwaga yote, nasugua mawe kwa sabuni, najaza upya. Kwa wiki hizo ni lita 70. Hapa kwetu lita 70 si hesabu ya darasani. Ni mitungi mitatu na nusu mgongoni mwa punda, na kiangazi kikikaza ni foleni kwenye shimo la mchanga mtoni. Susu alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akauliza, "Huyo samaki unamwosha ama unamuua?" Nikacheka. Wa kwanza alikufa siku ya tisa.

Sasa skiza kilichomuua. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, pale anapopumulia. Hiyo amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuvumilia ikiwa kidogo. Hawa bakteria hukaa kwenye mawe, kwenye kuta za tangi na hasa kwenye sponji ya filta, na wanachukua kama mwezi mzima kujaa. Mimi nilikuwa nawasugua na sabuni kila asubuhi. Usafi gani huo?

Na huku Ukambani tuko na joto, na maji mengi ya borehole ni ya chumvi, sabuni haitoi hata povu. Amonia ile ile huwa kali zaidi maji yakiwa moto na yakiwa ya alkali. Bakuli dogo juani dirishani, manze, hapo umemaliza kazi.

Kitu kinaniuma zaidi ni zile video za samaki akija juu, mdomo wazi, na mtu ameandika "ananisalimia". Hakusalimii! Anatafuta hewa. Halafu unamwongezea mkate, mkate unaoza, amonia inapanda tena.

Na msiniambie ati hawa samaki ni dhaifu. Kule Uingereza kulikuwa na mmoja anaitwa Tish, alishindwa kwenye maonyesho 1956 akaishi mpaka 1999. Miaka 43. Mji wa Roma ulipiga marufuku bakuli za mviringo mwaka 2005. Sisi bado tunaziuza kama zawadi ya Valentine.

Kuna wale watasema samaki wa urembo ni anasa, watu wanatafuta maji ya kunywa. Hiyo hoja ni ya maana, siikimbii. Lakini pigeni hesabu. Sasa niko na nusu ya drum, lita 100, samaki wawili, filta ya sponji. Kila Jumapili natoa robo, lita 25, na zinaenda moja kwa moja kwa sukuma wiki ya Susu, ambayo inapenda nitrati kuliko mimi ninavyopenda chapati. Sponji naikamua ndani ya hayo maji machafu, si kwa mfereji. Maji mapya ya mfereji yanalala usiku mzima kwa beseni wazi ili klorini itoke. Stima ikipotea nachota kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, yapate hewa. Lita 25 badala ya 70, na hao wawili wako mwaka wa pili. Kama huna nafasi ya drum, basi usinunue. Simpo.

Siku ya soko iliyopita nilimkuta msichana wa sare ya shule ameshika samaki mmoja kwa karatasi ya nailoni, anaulizia bei ya bakuli. Nikamwambia arudishe samaki kwanza, atafute drum, akae nayo mwezi mzima ndio arudi. Muuzaji akaniambia namharibia biashara. Nikamwambia ndiyo, na nitarudi pia wiki ijayo.